Siku Tulipoziozesha Ratiba

Nyumba ya Bertilla ina mlango mmoja wa mbao uliopigwa rangi, na kwa miaka sita niliyopanga chumba kwake kijijini Msanzi sikuwahi kuuona mlango ule bila majina. Aliyaandika kwa chaki upande wa ndani, kumi na mawili, kutoka juu hadi chini. Kila Februari alifuta majina mawili, akayabadilisha nafasi, akarudi nyuma hatua tatu kuutazama mlango, akasonya, akayarudisha. Rangi ilishaliwa na kitambaa. Majina yalikuwa palepale.

Huyu ndiye mwanamke ninayetaka kumsimulia. Hajawahi kugombea cheo wala kutangazwa redioni. Ana miaka hamsini na miwili, mjane, mama wa Faith anayesomea uuguzi Sumbawanga, mwanakwaya wa sauti ya pili, na katibu wa ujima wa kaya kumi na mbili. Ukatibu aliupata kwa kosa lake mwenyewe: alisimama mkutanoni akasema katibu aliyekuwepo hajui kupanga. Wakamkabidhi chaki palepale.

Kazi yenyewe ni ya matuta. Februari na Machi, ardhi ikiwa bado na maji, watu wa uwanda huu hukata tabaka la udongo pamoja na nyasi zake, wakaligeuza kifudifudi, wakajenga vilima vya mviringo vinavyofika magotini. Wenyewe huviita ntumba. Nyasi huoza humo ndani kama mboji, na shamba linapata nguvu ya ulezi na mahindi. Ni kazi inayovunja mgongo. Mtu mmoja na jembe lake hawezi kumaliza ekari kabla mvua haijamkimbia, kwa hiyo wanachimba kwa zamu: Jumanne shamba la huyu, Ijumaa shamba la yule, wiki sita, kaya kumi na mbili. Mwenye shamba hulipa kwa mtungi wa pombe ya ulezi.

Hapo ndipo chaki inapoanza kumchosha mtu. Mashamba ya mlimani hukauka mapema, kwa hiyo yatangulie. Ya bondeni yamejaa maji, kwa hiyo yasubiri. Miezi hiyo ni Kwaresima, na Kasimiri, katekista wetu, hataki kuona pombe Ijumaa hata moja. Ijumaa ni togwa tu, isiyolevya, na kwa togwa watu wanaojitokeza ni nusu, kwa hiyo shamba kubwa lisiangukie Ijumaa. Halafu kuna mitungi mikubwa mitatu tu kwa kaya zote, na pombe inataka zaidi ya wiki kuiva. Nyumba mbili zinazotumia mtungi mmoja zikifuatana, ya pili inapikia kwenye ndoo, na pombe ya ndoo ina matusi yake.

Bertilla alikuwa wa mwisho kwenye ratiba yake mwenyewe.

Mume wake alimwachia shamba la ekari moja na nusu, mlimani. Siku ya kuanua tanga wazee wa ukoo walisema shamba ni lake maadamu linalimwa. Likikaa miaka mitatu bila ntumba, litarudi kwenye ukoo, yaani kwa shemeji yake Zenon. Miaka miwili mfululizo ujima ulifika kwake mwishoni mwa Machi, udongo wa mlimani ukiwa mgumu kama sakafu ya kanisa. Majembe yaliruka. Watu walikunywa togwa, wakampa pole, wakaenda zao. Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa tatu.

Mtu atauliza: mwenye chaki ni yeye, kwa nini asijiandike wa kwanza? Nilimuuliza hivyo hivyo, Jumamosi moja mwanzoni mwa Februari. Nilikuwa nimeshahamishiwa kufundisha sekondari mjini Sumbawanga, nimekuja kumsalimia na kilo mbili za sukari.

"Njoo uone," akasema, akanivuta mbele ya mlango. "Nikijitoa mwisho nikajiweka wa tatu, huyu wa tatu anakwenda Ijumaa, na shamba lake ni kubwa. Nikimrudisha Jumanne, anafuatana na mwenzake wa mtungi. Nikimwondoa yule wa mtungi, wa bondeni anatangulia anazama. Na Zenon ni wa kwanza, kwa ukubwa wake, na mtungi wetu mimi na Zenon ni mmoja, ule wa marehemu mama mkwe. Kila nikisogeza jina moja mambo yanakuwa mabaya zaidi, Mwalimu. Ninayarudisha."

"Dada Berti, wewe unapanda mlima Mbizi kwenye ukungu."

"Mimi sijapanda Mbizi tangu nichumbiwe."

"Sikiliza. Mtu aliye peke yake kwenye ukungu anajuaje kama anapanda? Anapapasa kwa mguu. Palipoinuka kidogo, anasogea. Akifika mahali ambapo kila upande ni mteremko, anasema nimefika kileleni, anakaa, anafungua chakula. Kumbe yuko juu ya kichuguu."

Aligeuka akautazama mlango. "Kichuguu," akasema. "Miaka minane nimefungua chakula juu ya kichuguu."

"Sasa tukipeleka watu kumi na wawili, kila mmoja aanzie mahali pake, wawe wanaitana..."

"Na fisi?"

"Fisi gani?"

"Mbizi kuna fisi. Hao kumi na wawili si wataliwa?"

"Wanaopotea waliwe. Mmoja akifika kileleni inatosha."

Akaangua kicheko mpaka akashika fremu ya mlango. Nikamweleza nilivyofundishwa chuoni, ambako jambo hili lilihesabiwa kuwa kazi ya kompyuta. Majina kumi na mawili yanaweza kupangwa kwa namna karibu milioni mia nne na themanini. Hakuna binadamu wa kuzipitia zote. Kwa hiyo huulei mpango mmoja peke yake ukiubembeleza. Unalea kundi zima la mipango kwa wakati mmoja, unatupa mibovu, na mizuri unaioanisha: mtoto achukue kichwa cha mama, yaani majina ya mwanzo, kisha nafasi zinazobaki zijazwe kwa mfuatano wa baba, ukiruka majina ambayo tayari yapo. Mama ana uzuri wake mwanzoni, baba ana wake mwishoni, na mtoto anaweza kuwazidi wote wawili.

"Kama Faith," akasema Bertilla. "Miguu ya baba yake, akili yangu."

"Hivyo hivyo."

"Na akili ya baba yake na miguu yangu?"

"Huyo tunamtupa motoni."

Kesho yake baada ya misa alisimama mlangoni pa kanisa akatangaza kwamba kila kaya ilete ratiba yake, kaya kumi na mbili, ratiba kumi na mbili, saa nane, uani kwake. Watu walipiga makofi wakidhani kuna chakula.

Saa nane walikuja. Tuliandika majina kwenye vipande vya boksi la sabuni, tukatandika mikeka minne, na kila ratiba ikawekewa bakuli la makosa. Shamba la mlimani likichelewa au la bondeni likiwahi, punje tatu za mahindi. Shamba kubwa likiangukia Ijumaa, punje mbili. Mtungi ukigongana, punje moja. Bakuli lenye punje chache ndilo bora. Ratiba ya mlangoni, ile ya miaka minane ya kusonya, ilipata punje tisa.

Kisha tukafungua za watu. Ya kwanza, punje kumi na moja. Ya pili, kumi na moja. Ya tatu, kumi na moja.

"Mbona zinafanana?" nikauliza.

Ya nne, ya tano, ya sita, ya saba. Wanaume saba walitazama miguu yao. Ilikuwa kawaida yao: jambo lolote la kuandika, waliliiga kwa katekista. Walimfuata Kasimiri baada ya misa wakanakili ratiba yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka na alama aliyoikata kwa makosa. Na Kasimiri, mtu wa heshima, alikuwa amemweka Zenon wa kwanza kama ilivyo ada.

"Hawa ni ndugu wa tumbo moja," akasema Bertilla, akizipanga ratiba saba kama shanga za rozari. "Nitawaozesha vipi? Mtoto atazaliwa anafanana na babu, bibi na jirani."

"Hata kanisa linakataza," akakiri Kasimiri.

Zikabaki za wachache tu. Rosina, mke wa jirani, alikuwa na yake, tofauti na zote, kwa sababu ana kinyongo na Zenon tangu ng'ombe wa Zenon aingie kwenye kunde zake. Alimtupa Zenon mpaka nafasi ya kumi na moja, kwa furaha, na mstari chini ya jina. Halafu akaja Kristiana, bibi wa miaka sabini anayeishi karibu na kisima, akiwa na ratiba mkononi na kuku mwekundu kwapani.

"Bibi, shikamoo. Hii umeipangaje?"

"Marahaba. Sikuipanga. Mimi sijui kusoma. Nilimwomba mjukuu aandike majina, nikayatandaza uani, nikaweka ulezi juu ya kila moja. Aliyedonolewa kwanza ndiye wa kwanza."

Uani palilipuka. Zenon, mrefu, mwenye koti la marehemu baba yake, alisimama. "Yaani mimi, mkubwa wa ukoo, nipangiwe na kuku?"

"Keti, shemeji," akasema Bertilla. "Bado hatujaikubali. Kuku amekuweka wa sita. Tuhesabu."

Ratiba ya kuku ilikuwa na punje kumi na nne, mbaya kuliko zote. Zenon alicheka akakaa. Lakini Bertilla alipiga magoti pale mkekani na kidole chake kikatembea pole pole juu ya vipande vya boksi. "Ngojeni," akasema. "Punje zote kumi na nne ziko nyuma. Nafasi tano za mbele hazina hata moja." Na wa tatu katika hizo tano alikuwa yeye mwenyewe, Jumanne, udongo ukiwa laini.

"Kichwa kizuri, mkia mbovu," akasema Rosina.

"Tumtafutie mchumba mwenye mkia."

Kuanzia hapo sikumbuki nani alisema nini, kwa sababu wote walisema. Mtu akajifanya mshenga wa ratiba ya kuku, akaenda mkeka wa Rosina kupiga hodi. Upande wa Rosina wakadai mahari ya beberu. Kasimiri akauliza kwa sauti ya altareni, "Ndoa gani hii bila kutangazwa Jumapili tatu?" Wanawake wakamjibu kwa vigelegele. Tukachukua majina matano ya kichwa cha kuku, tukayapanga. Kisha tukasoma ratiba ya Rosina kutoka juu, tukiruka waliokwishaingia, tukijaza nafasi saba. Zenon akaangukia nafasi ya kumi na moja, Jumanne, palepale kinyongo kilipomweka.

Na haikuwa ndoa hiyo moja. Uzuri wa kundi ni kwamba mikeka yote minne ilifanya kazi kwa pamoja, kila mmoja ukiozesha na kuhesabu bila kuusubiri mwingine. Ebenezer, mfanyabiashara kutoka Mbeya mwenye duka la pembejeo kijijini na kashamba kadogo, alipewa kazi ya kufumba macho na kubadilisha nafasi za majina mawili katika kila mtoto wa tano, ili ukoo usije ukafanana tena. Alikuwa anapapasa mkeka kama mtu anayetafuta miwani. Zile zenye punje nyingi ziliingia motoni chini ya sufuria ya chai. Punje tisa zikawa saba. Saba zikawa tano.

Ndipo mkeka wa Kasimiri ukapiga kelele: "Sifuri! Tumepata sifuri! Bakuli tupu!"

Tulikimbia wote. Mtoto wa ratiba ya Kasimiri, Zenon wa kwanza, Bertilla wa mwisho, bakuli jeupe kabisa. Zenon alishainua mikono juu. Nilimwangalia Bertilla, alikuwa ameshika kipande cha boksi chenye jina lake na kukikunja katikati. Kama hesabu ndiyo imesema hivyo, alikuwa tayari kuikubali. Hiyo ndiyo tabia yake na ndiyo iliyomweka mwisho miaka yote.

"Bibi Kristiana," nikauliza, "kuku wako yuko wapi?"

Kuku alikuwa nyuma ya bakuli, anameza.

Sijawahi kuona katekista akicheka mpaka akalala. Tulihesabu upya: punje nane. Kristiana akamwinua kuku wake akamwambia, "Wewe umeajiriwa kupanga, nani amekuambia ufute makosa?"

Jua likiwa limeinamia Mbizi na ng'ombe wanarudi, mjukuu wa ile ndoa ya kuku na Rosina, baada ya ukoo wake kuoana na mwingine mara mbili, akawa na punje mbili. Mbili tu. Kazi ambayo mlango mmoja haukuiweza kwa miaka minane ilimalizika mchana mmoja. Bertilla wa tatu. Zenon wa kumi na moja.

Kila mtu alimtazama Zenon, kwa sababu mkubwa akikataa, hakuna ujima.

"Mimi ni wa kwanza tangu enzi za baba," akasema.

"Ndiyo, shemeji," akasema Bertilla kwa upole, "na shamba lako liko bondeni. Kila mwaka tunakuja kwako kwanza, kwa heshima, tunakuchimbia maji. Ntumba zako zinayeyuka kabla ya Pasaka. Heshima hiyo imekulisha nini?"

Nadhani hapo ndipo wengi wetu tulipoelewa kwa nini alilitaka shamba la mlimani: lake lilikuwa tope, na aliyelifanya kuwa tope ni adabu yetu. Alivua kofia, akaitazama ndani kama kwamba jibu limeandikwa humo.

"Mwaka mmoja," akasema. "Nikishindwa, kuku ni wangu."

"Na supu," akasema Rosina.

Bertilla alitaka kuchoma ratiba zote zilizobaki, nikamshika mkono. "Weka na hizi nne zinazofuata. Ndiyo faida nyingine ya kulea kundi. Hubaki na jibu moja tu mkononi." Akazinakili kwenye karatasi, akazitia kwenye kopo la maziwa, bila kuamini sana.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili vilevile. Jumapili kabla ya Jumanne yake nilipigiwa simu.

"Mwalimu, pombe haijaamka."

Baridi ilikuwa imeshuka usiku, siku tatu mfululizo, ile baridi ya uwanda inayofanya hata ugali ugande mdomoni, na mtungi wa mama mkwe ulikuwa umelala kama maji ya kisima. Bila pombe Jumanne watu wasingetosha. Na ada ya ujima ni moja: aliyerukwa huenda mwisho.

"Nimerudi mwisho," akasema. Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kopo liko wapi?"

"Kopo gani?"

"La maziwa, dada!"

Nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu, bati likigonga, karatasi zikichakacha. Kisha ukelele uliofanya nisogeze simu mbali na sikio. Ndugu wa ile ratiba bora, mwenye punje tatu, alikuwa na siku mbili za mwanzo zilezile ambazo tulishazichimba. Wa tatu alikuwa Ebenezer, na Bertilla wa tano, Jumanne iliyofuata, mlima ukiwa bado haujakauka. Ebenezer ni Mmoravian, hapiki pombe, yuko tayari siku yoyote kwa chai na mandazi, na kashamba kake hakahitaji watu wengi. Hakuna aliyerukwa. Ratiba tu ilibadilisha ndugu.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda siku hiyo ya tano. Pombe ilikuwa imeamka kwa hasira, inachemka mpaka inasukuma kifuniko. Watu thelathini na kitu walipanda mlima wakiimba Kifipa, majembe begani, na udongo ulikatika kama mkate. Tabaka, geuza, fukia, tabaka, geuza, fukia. Bertilla hakutulia mahali pamoja. Alikimbia huku na huko na kata ya pombe, akiwaambia watu wapumzike na hapohapo akiwahimiza. Saa saba mchana ntumba zilikuwa zimejaa kutoka njia hadi kwenye mawe, mviringo mmoja baada ya mwingine, na yeye alisimama katikati akianza kuzihesabu kwa kidole, akipotea, akianza tena, akicheka.

Zenon alikuja na kamba. Wote tuliiona. Ni kamba wanayopimia mipaka ya mashamba. Aliizungusha mkononi, akaangalia ntumba, akaangalia shemeji yake, akaifunga kiunoni ili suruali isishuke, akachukua jembe.

"Shamba lako lina mawe mengi, shemeji," akasema akichimba. "Sijui mtu angelitaka la nini."

"Kunywa kwanza, shemeji," akasema Bertilla.

Shamba la Zenon lilichimbwa mwisho wa Machi, kavu, na ntumba zake zilisimama. Mwaka uliofuata nilikuwepo tena uani pale, Februari, mikeka imetandikwa. Ratiba kumi na mbili, hakuna hata mbili zilizofanana. Wanaume wameona aibu. Nyuma ya mlango kwa Bertilla kumepakwa rangi mpya, ya kijani, na hakuna chaki. Watu walikuwa wakisubiri punje zigawanywe, lakini Zenon, aliyefika kabla ya wote na koti lake, hakukaa. Alikuwa akichungulia nyuma ya nyumba, chini ya kihenge, karibu na jiko.

"Umepoteza nini, shemeji?" Bertilla akauliza.

"Bibi Kristiana hajafika?" akasema Zenon. "Au ndiyo kusema yule kuku mmemla Krismasi?"